Utando Kaakaani: Jinsi Mwindaji Anavyotengeneza Sauti ya Bata Mzinga

Chukua puto la mtoto, lijaze upepo, kisha shika shingo yake kwa vidole vya mikono miwili uivute kulia na kushoto huku upepo ukitoka. Puto litalia. Ukivuta zaidi, mlio unapanda; ukilegeza kidogo, unashuka; ukilegeza kupita kiasi, mlio unakufa na kubaki upepo mtupu. Ukiyaelewa vizuri yanayotokea kwenye shingo ya puto hilo, umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kifaa ambacho wawindaji wa Marekani hukiweka mdomoni ili kumwita bata mzinga wa porini. Mpira uliovutwa, hewa inayosukumwa, na mwanya mwembamba ambamo hewa hiyo inapita: basi, hayo ndiyo yote yaliyomo. Ugumu uko katika kuyatawala matatu hayo kwa ulimi, gizani mwa kinywa, pasipo kuona chochote.

Kifaa chenyewe, ambacho hapa nitakiita kiitio, ni fremu nyembamba ya aluminiamu yenye umbo la herufi U. Kati ya mikono miwili ya U umevutwa utando wa lateksi, mmoja au zaidi, kila mmoja ukiwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuzunguka fremu umebandikwa ukingo laini wa tepu. Mwindaji hukilaza kiitio bapa juu ya kaakaa, upande wa wazi wa U ukielekea meno ya mbele, na tepu ikiziba pembeni. Ulimi unapanda kutoka chini na kuugusa utando. Hewa kutoka mapafuni inalazimika kupita kati ya ulimi na mpira, na kutokea mbele, kwenye ukingo wa utando ambao haukushikwa na kitu.

Kwa nini mtu ajisumbue kuweka mpira kinywani wakati zipo njia nyingine? Njia hizo zipo, tena za zamani. Wenyeji wa Amerika Kaskazini waliita ndege hawa kwa mifupa ya bawa la bata mzinga mwenyewe, iliyounganishwa ikawa mrija wa kunyonya hewa. Mwaka 1897 Henry Gibson wa Arkansas alipata hataza ya kisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake husuguliwa ukingoni kikatoa mlio wa jike. Kisanduku ni rahisi kujifunza, na wengi hukipenda hadi leo. Lakini kinataka mikono miwili. Bata mzinga ana macho pembeni mwa kichwa, anaona rangi, na anauona mwendo mdogo kabisa wa mkono mbele yake. Ndege akiwa mita thelathini, mwindaji aliyeegemea mti na bunduki magotini hawezi tena kuinua kisanduku. Ulimi unaweza kufanya kazi wakati mwili wote umetulia.

Lipo jambo jingine linaloifanya kazi hii kuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Msimu wa uzazi unapofika, majira ya kuchipua, dume hukaa mahali pake, hutandaza mkia, huita kwa ule mlio wa gulugulugulu, na jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anayeita kwa sauti ya jike anamtaka dume afanye kinyume cha desturi yake: aondoke alipo, amfuate jike. Mara nyingi dume hujibu kwa nguvu, husogea, kisha husimama mbali akingoja huyo jike ajitokeze. Kwa hiyo sauti haitakiwi tu kufanana na sauti ya bata mzinga. Inatakiwa kumshawishi ndege anayeijua lugha hiyo tangu akiwa ndani ya yai.

Sasa turudi kwenye chanzo. Sauti ni shinikizo la hewa linalopanda na kushuka kwa haraka. Pumzi inayotoka mapafuni haipandi wala kushuka. Ni mkondo mmoja unaokwenda mbele. Basi mkondo huo unageukaje kuwa sauti?

Tazama mwanya ulio kati ya ulimi na utando. Hewa nyuma yake inabanwa, shinikizo linaongezeka hadi linausukuma mpira juu. Mwanya unafunguka, hewa inafumka kupita kwa kasi, na pale inapopita kwa kasi shinikizo lake linapungua. Mpira, uliokuwa umevutwa, unataka kurudi mahali pake, na sasa hakuna cha kutosha kuuzuia. Unarudi, mwanya unasongwa, hewa inakwama, shinikizo linapanda tena. Duru hii inajirudia mamia ya mara kwa sekunde, na katika noti za juu sana hupita elfu. Kila duru inatoa pumzi moja ndogo, na mfululizo wa pumzi hizo ndio sikio linauita sauti.

Mtu makini atauliza: kwa nini mpira hautulii katikati, mahali ambapo nguvu ya hewa na nguvu ya mpira zinalingana? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo moyo wa somo. Hewa ina uzito. Haianzi kwenda mara moja wala haisimami mara moja. Daima inachelewa kidogo nyuma ya mpira. Kwa sababu ya kuchelewa huko, hewa inausukuma utando kwa nguvu kubwa zaidi unapofunguka kuliko inavyoupinga unapofunga. Katika kila duru mpira unapata faida ndogo ya nguvu, na faida hiyo inalipia kile kinachopotea katika kukunjana kwa mpira na katika ulimi laini ulio chini yake. Faida ikizidi hasara, mlio unazaliwa na kudumu. Hasara ikizidi faida, unasikia upepo tu.

Hapo tumeufikia ugonjwa wa kwanza wa kila anayeanza: kupuliza na kusikia "ssss". Jawabu la haraka ambalo wengi hujipa ni kupuliza kwa nguvu zaidi, na karibu kila mara si jawabu sahihi. Huo mlio wa "ssss" ni hewa iliyovurugika baada ya kupita kwenye mwanya usioutetemesha mpira. Ama ulimi uko mbali mno, hewa inapita chini bila kuujali utando. Ama kiitio hakikuziba pembeni na hewa inatorokea kando. Ukiongeza nguvu, unaongeza hewa inayotoroka. Kinachotakiwa ni kukikunja kiitio kidogo kati ya vidole ili kifuate upinde wa kaakaa, kupunguza tepu kwa mkasi kama ni pana mno, bila kugusa lateksi, kisha kuupandisha ulimi polepole huku ukisukuma hewa kidogo tu, hadi mpira ushike. Unaposhika, utausikia ukiwasha juu ya ulimi. Noti ile ya kwanza, ndefu, nyembamba, isiyo na uzuri wowote, ndiyo ya kufanyia kazi. Ishike. Iache idumu kadiri pumzi inavyoruhusu, kabla hujajaribu kuiga ndege yeyote.

Wengine wanakwama mapema zaidi, kwa sababu koo linataka kutapika. Hilo ni jambo la mishipa ya fahamu iliyo nyuma ya kaakaa, wala si udhaifu wa mtu. Kiitio kikae mbele kiasi, na mtu akizoee kwa kukiweka tu mdomoni bila kupuliza wakati anafanya kazi nyingine. Mwenye mzio wa lateksi asikiguse kabisa, na mtoto mdogo asipewe, kwani kinaweza kumezwa au kuziba njia ya hewa.

Baada ya kupata noti, swali linalofuata ni namna ya kuipandisha na kuishusha. Mpira uliovutwa unafuata kanuni ambayo wapiga ala za nyuzi huijua kwa vidole hata kama hawajaiandika. Mkazo ukiongezeka mara nne, kasi ya mitetemo huongezeka mara mbili tu. Lakini urefu wa sehemu inayotetemeka ukipungua nusu, kasi huongezeka mara mbili papo hapo. Na mpira mzito hutetemeka polepole kuliko mwepesi wenye mkazo huohuo. Kanuni hizi ni za uzi au utando ulio huru kabisa, na utando wa kinywani haupo huru hivyo, lakini mwelekeo wake ni huohuo, na unamfunza mwanafunzi jambo la maana sana: kubana kwa nguvu ni njia ya gharama kubwa ya kupandisha noti. Kuusogeza ulimi milimita chache ili sehemu ndogo zaidi ya mpira ibaki huru ni njia rahisi. Anayechoka taya baada ya dakika tano za mazoezi karibu daima anabana pale ambapo angesogeza.

Sasa tuangalie ni sauti gani tunayoitafuta. Ndege hana nyuzi za sauti kooni kama sisi. Ana kiungo kiitwacho sirinksi, chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kuingia katika mapafu mawili. Huko utando laini hutetemeshwa na hewa inayotoka, na sauti hupanda ndani ya shingo ndefu hadi mdomoni. Kwa hiyo jike wa bata mzinga na mwindaji mwenye kiitio wanafanya kazi moja kwa vyombo vinavyokaa mahali tofauti: yeye utando wake uko kifuani, huyu wako kaakaani. Nyuzi za sauti za mwindaji hazina kazi hapa. Zinatakiwa kuachana kabisa na kuacha hewa ipite kimya. Wengi wanaoanza hutia sauti yao bila kujua, wakawa wanaguna na kupuliza kwa wakati mmoja, na sauti mbili zikagombana. Weka kidole kooni unapofanya mazoezi. Ukihisi mtetemo hapo, acha, anza tena kwa pumzi tupu, ile ya kupulizia kioo cha miwani ili kipate ukungu. Pumzi hiyo hutoka chini, kwenye kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo. Hewa ya mashavu ni kidogo, haina msukumo wa kutosha kuanzisha na kukata noti kwa usafi.

Lovett Williams, mwanabiolojia wa Florida aliyewachunguza ndege hawa kwa miaka mingi, aliorodhesha miito 28 tofauti. Mwindaji anahitaji michache. Mkubwa kuliko yote ni mwito wa kawaida wa jike, na ndio mgumu, kwa sababu kila noti yake ina vidatu viwili: inaanza juu, safi, halafu inavunjika ghafla kushuka kwenye sauti nzito yenye mkwaruzo. Haiteremki taratibu. Inavunjika. Atakayeteremsha taratibu atatoa sauti ya paka.

Kuvunjika huko kunatokana na nini? Utando unaweza kutetemeka kwa namna zaidi ya moja. Ulimi ukiwa umebana na mwanya ukiwa mdogo, ukingo mwembamba peke yake ndio unaotetemeka, kwa haraka na kwa mpangilio. Ulimi ukishuka, ghafla sehemu kubwa ya mpira inapata uhuru, na mtetemo unaruka kutoka namna ya kwanza kwenda namna ya pili. Hakuna kituo cha katikati. Mvulana anayebalehe hulijua tukio hilo kooni mwake. Mwindaji analifanya kwa kusudi, mara tatu hadi tisa mfululizo.

Hapa anayesema Kiswahili ana bahati, kwa kuwa irabu zetu ni safi na kila moja ina mahali pake. Tamka "i" ndefu, utaona ulimi umepanda karibu na kaakaa na taya limefunga. Tamka "a", taya linaanguka na ulimi unalala. Sasa tamka "chi-a, chi-a, chi-a" kwa pumzi tupu bila sauti, halafu fanya vivyo hivyo ukiwa na kiitio mdomoni. "Ch" inaupandisha ulimi na kuukusanya msukumo wa hewa, "i" inatoa noti ya juu, "a" inaivunja. Kazi ya kuivunja inafanywa na taya. Mtu akikutazama anapaswa kuona kidevu chako kikishuka katika kila noti.

Ule mkwaruzo wa mwishoni ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Mtetemo unaojirudia sawasawa kila mara hutoa noti safi. Mtetemo ambao kila duru inatofautiana kidogo na iliyopita hutoa sauti yenye mikwaruzo. Watengenezaji wanaupata kwa kuweka tando mbili au tatu, moja juu ya nyingine, na kuukata ule wa juu, unaoelekea kaakaa, kwa michoro mbalimbali. Vipande vilivyokatwa vinapigana na utando wa chini bila kufuata mpangilio. Ndiyo sababu kiitio chenye utando mmoja kinafaa kwa mluzi mwembamba wa makinda waliopotea wakati wa vuli, na chenye mikato kinafaa kwa jike mzee. Ninavyoona mimi, anayeanza achukue chenye tando mbili zisizo na mikato mingi. Kinataka pumzi ndogo, na makosa yake yanasikika wazi.

Kinywa nacho kina sehemu yake. Kati ya ukingo wa utando na midomo kuna nafasi fupi, tuseme sentimita 6. Bomba lililozibwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili hukuza zaidi mawimbi ambayo urefu wake ni mara nne ya urefu wa bomba. Mara nne ya sentimita 6 ni 24. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo bomba hilo linakuza mitetemo ya takriban 1,400 kwa sekunde. Sasa kunja viganja mbele ya mdomo, urefu ufikie sentimita 14: hesabu ileile inakupa takriban 600. Kinywa si bomba la hesabu, lakini jaribu usikie. Noti yenyewe haikubadilika, kwani inatoka kwenye mpira. Kilichobadilika ni mwili wake, umekuwa mnene na wa ndani zaidi. Midomo ikichomozwa mbele hufanya sehemu ya kazi hiyo bila mikono.

Miito mingine huja upesi baada ya hapo. Mlio mmoja mfupi wa jike aliyetulia hutolewa kwa kusema "pak" na kukata hewa kwa midomo mara moja. Mkoromo laini wa ndege anayekula kwa amani hutolewa kwa kukipepesa kilimi cha nyuma ya koo, au midomo, huku noti ndogo ikiendelea. Mpepeso huo huukata mlio takriban mara 20 hadi 30 kwa sekunde. Angalia sana huo mlio mfupi. Ukiutoa kwa ukali na kuurudia haraka, umetoa mlio wa tahadhari, ule anaoutoa bata mzinga alipoona hatari. Tofauti kati ya "niko hapa" na "kimbieni" ni jinsi shinikizo lilivyopanda ghafla mwanzoni mwa sauti. Na mlio wa dume wawindaji wengi huuepuka kwa sababu ya usalama, maana unaweza kumvuta mwindaji mwingine mwenye bunduki aliyejificha upande wa pili wa kichaka. Kwa sababu hiyohiyo hawavai nyekundu, nyeupe wala buluu, rangi za kichwa cha dume.

Yafaa kukumbuka kwamba hakuna somo hili bila ndege. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji usio na mipaka na ukataji wa misitu vilikuwa vimewamaliza katika majimbo mengi ya Marekani. Sheria ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyama. Mwaka 1951, huko South Carolina, bata mzinga wa porini walinaswa kwa mara ya kwanza kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, njia iliyowezesha makundi mazima kuhamishiwa misitu iliyokuwa mitupu. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Hao ni spishi moja na bata mzinga wanaofugwa kwenye nyua za Arusha au Kiambu, ambao asili yao ni ndege waliofugwa Meksiko kabla Wahispania hawajawapeleka Ulaya katika karne ya 16. Msomaji mwenye jirani anayefuga anaweza kusikiliza mwalimu halisi: asimame pembeni ya banda asubuhi, awaache madume na makelele yao, awasikilize majike.

Vifaa vitunzwe. Lateksi inatokana na utomvu wa mti wa mpira, na minyororo mirefu ya molekuli zake hukatikakatika kwa jua na joto, mpira ukapoteza mnyumbuko. Baada ya mazoezi, suuza kiitio kwa maji, chomeka kijiti cha meno kati ya tando zisigandamane, kihifadhi mahali pa baridi na giza.

Limebaki jambo moja ambalo mwanafunzi peke yake hawezi kulitambua. Kiitio kimelala kwenye kaakaa, na kaakaa ni mfupa. Mitetemo mingi inafika sikioni mwako kupitia fuvu la kichwa kabla haijatoka mdomoni, na njia hiyo inaongeza noti nzito. Unachosikia wewe ni kinene kuliko anachosikia ndege. Kwa hiyo mpe mtu simu yenye kinasa sauti, asimame mita 50 kutoka kwako, kisha mita 100, penye miti kama ipo. Ukisikiliza rekodi hizo mbili utaona kwamba majani yamekula sehemu kubwa ya noti za juu na mkwaruzo ulioutafuta kwa wiki nzima. Kilichovuka salama ni urefu wa kila noti, nafasi iliyo kati yake, na ule mvunjiko wa katikati. Waitaji wengi wenye uzoefu husema dume husamehe sauti mbovu yenye mwendo sahihi, wala hasamehi sauti nzuri yenye mwendo mbovu, na rekodi ya mita 100 inaonyesha sababu. Basi kila siku, kabla ya kukitia kiitio mdomoni, cheza sauti ya jike halisi, ufuate mwendo wake kwa kugonga kidole mezani, hadi kidole na ndege vianze na kuacha pamoja.